Sifuri ya Mama

Jumapili, 11 Mei. Mlali

Nimeamua kuandika, kwa sababu furaha kubwa namna hii ikikaa kifuani tu itanipasua. Mimi Bupe, binti wa Tukuyu, ni mke wa Fabian! Mke! Tulifunga ndoa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, na mpaka leo nikiamka na kumwona amelala pembeni yangu nacheka peke yangu kama mwehu.

Tupo kijijini kwa wakwe zangu, wilaya ya Kongwa, tunavuna karanga. Nilidhani nitaichukia nchi hii kavu. Kwetu hata mawe yanaota majani, hapa hata majani ni kama mawe. Lakini jioni tambarare yote inageuka rangi ya asali, na Fabian akinishika mkono shambani naona hakuna mahali pengine duniani pa kuishi.

Mama mkwe wangu ni dhahabu. Watu wanamwita Mama Evelina, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na nilipobaki mdomo wazi akanikumbatia, akacheka hadi machozi. Baba mkwe, Mzee Bartolomayo, hasemi sana. Wifi yangu Evelina anasema kwa niaba ya wote. Alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na ulimi wake haujapona.

"Huyu wa migomba," alisema akinitazama viganja, "atalishika jembe la Kongwa au litamshika yeye?"

"Muache mkamwana wangu," Mama akamjibu. "Amekuja kupendwa, hajaja kupimwa."

Jumanne, 13 Mei

Tumeng'oa karanga siku nzima. Mgongo hauna habari kwamba mimi ni bibi harusi.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua! Mvua ya Mei! Wote wanasema haijawahi kuonekana mvua ya namna hii wakati karanga ziko uwanjani. Ilianguka mchana bila kupiga hodi. Nilitoka nikacheza ndani yake, nikimwita Fabian aje tulowe wote, kwani ilinuka kama nyumbani. Fabian alikuja. Tulicheka, tukakimbizana kuzunguka marundo ya karanga.

Nilipogeuka nikamwona Baba mkwe amesimama mlangoni. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama karanga.

Jumatatu, 19 Mei

Bado mawingu. Karanga tunazigeuza asubuhi na jioni, lakini hazikauki. Zina harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Alhamisi, 22 Mei

Tunamenya. Maganda ya karanga za huku ni magumu kama ubishi wa wifi yangu, na leo vidole vyangu vilipasuka, vikatoa damu juu ya hina ya harusi. Niliificha. Mama akaiona.

Alinishika mikono yote miwili, akavipulizia vidole kimoja kimoja, kama mtoto. Kisha akaleta ndoo, akanyunyizia maji juu ya magunia ambayo hayajamenywa, akayafunika kwa turubai. "Kesho yatakuwa yamelainika," aliniambia. "Wengine wote hufanya kidogo kidogo, mimi leo nimeyalowesha kabisa. Sitaki mkono wa mwanangu urudi mjini na makovu."

Nililia. Nani mwingine amepata mama mkwe wa hivi?

Evelina alipita, akaligusa turubai kwa mguu. "Karanga zinaoga siku hizi," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 25 Mei. Kizota

Tumerudi mjini, kwenye vyumba vyetu viwili nyuma ya karakana anakofanya kazi Fabian. Mama ametupakia gunia zima la karanga, zile laini. "Ule kila siku," alinisisitizia, "ziko nyingi, na bibi harusi mwembamba ni aibu ya mama mkwe." Nakula uji wa karanga asubuhi, mlenda wa karanga mchana. Fabian anasema nang'aa.

Jumatano, 4 Juni

Leo lazima niandike kirefu, kwani leo mume wangu amenionyesha anachofanya, na nimempenda upya kutoka mwanzo.

Fabian ni fundi sanifu kwenye mradi wa kupima sumukuvu. Hiyo ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yenye unyevu. Huioni, huinusi, ukipika haifi, na inakula ini la mtu polepole, au kwa haraka ikiwa nyingi. Miaka ya nyuma watu wamekufa nayo huku bara, matumbo yamevimba na macho yamekuwa manjano, na majirani wakatafutana uchawi.

Mashine yake inakaa kwenye chumba kidogo cha karakana, juu ya meza ya zege, ili malori ya barabarani yasiitikise. Moyo wake ni kijiwe cha kwatsi, kama kile cha ndani ya saa, chembamba kuliko ukucha wangu, kimepakwa dhahabu pande zote mbili. Ukikipa umeme kinatetemeka mara mamilioni kwa sekunde moja! Na mtetemo huo haubadiliki, isipokuwa kitu kikitua juu yake. Juu ya dhahabu wamepaka dawa inayonasa sumukuvu peke yake. Sumu ikinasa, kijiwe kinakuwa kizito, kinatetemeka polepole zaidi, na kioo cha mashine kinaandika mtetemo umepungua kiasi gani.

"Ni mzani," aliniambia kwa sauti ya chini, maana hata pumzi inakisumbua. "Mzani wa kupimia kitu ambacho hata nzi akikibeba hatajua amebeba."

Nilimwambia basi na mimi nikiwa mbali naye natetemeka polepole zaidi. Mwenzake wa kazi, Amiri, kijana wa familia ya zamani ya mjini, alikohoa. "Shemeji, mashine inasikia."

Kuna jambo moja tu lililowakwamisha. Kila asubuhi mashine lazima ionjeshwe maji ya karanga zilizo safi kabisa, ijue usafi ukoje, na hapo ndipo wanaweka sifuri. Karanga zote zinapimwa kutokea kwenye sifuri hiyo. Karanga za sifuri zililetwa kwenye kopo lenye muhuri, lakini panya wa karakana wamezila zote.

"Na panya wenyewe wazima," akasema Amiri, "kwa hiyo kweli zilikuwa safi."

Kopo jingine litachukua wiki nyingi kufika, na Mlali wanasubiri kupimiwa kabla ya kuuza na kula. Fabian akafikiri. Kisha akaja chumbani kwetu, akachota bakuli la karanga kutoka kwenye gunia letu.

"Safi kuliko za mama yangu ziko wapi?" alisema.

Nilijivuna kana kwamba nimezizaa mimi. Sasa kila karanga ya wilaya itapimwa kwa karanga za Mama!

Jumapili, 15 Juni

Nina mimba. Nimeandika, sasa ni kweli. Fabian alipiga magoti palepale kwenye vumbi la Kizota, watu wakadhani ameangusha ufunguo. Mama alipoambiwa kwa simu alipiga vigelegele hadi simu ikakata. Kesho anatuma karanga nyingine kwa basi.

Jumanne, 24 Juni. Mlali

Tumepeleka majibu. Majirani walikusanyika uwanjani kwa Mama, na Fabian akawaambia mmoja mmoja: zako safi, zako safi, zako zimezidi kidogo, zichague upya. Wengi walikuwa karibu kabisa na sifuri. Walipiga makofi. Mama alikaa kwenye kigoda chake kama malkia, maana Fabian aliwaeleza kwamba yeye ndiye kipimo.

Baba mkwe hakutoka. Nilimpelekea maji, nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Alipoinua, nikaona weupe wa macho yake una rangi ya mafuta ya mawese.

"Malaria," Mama alisema. "Nampa mlenda wenye karanga nyingi, apate nguvu."

Ijumaa, 27 Juni. Kizota

Upepo tu. Baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye meno.

Jumapili, 6 Julai

Baba mkwe hajapona. Tumbo limeanza kujaa. Mama alitaja kwa simu, kama anayetaja jambo dogo, kwamba kuna wanawake wanauliza nyumba imeingiwa na nini tangu harusi. Sikumwuliza ni wanawake gani. Alicheka, na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilichelewa.

Nimemwomba Fabian tumlete Baba hospitali. Anasema ngoja kazi ipungue.

Jumatano, 9 Julai

Mashine imeanza vituko. Amiri alinunua karanga soko la Majengo ili apime tu, na zikasoma chini ya sifuri.

"Bwana harusi," alimwambia Fabian, "mashine yako inasema karanga za sokoni ni safi kuliko safi. Safi kuliko safi ndiyo nini? Zimeokoka?"

Fabian hakucheka. Alibadilisha kijiwe. Akabadilisha tena. Chini ya sifuri. Jioni alikula bila kunitazama, na hiyo ni mara ya kwanza tangu harusi.

Jumatatu, 14 Julai

Nitaandika yote.

Mchana niliwapelekea chakula karakana, ugali wa uwele na mlenda wa karanga, nikakaa kula nao mlangoni pa chumba cha mashine. Fabian alikuwa amegoma kula, amejikunja juu ya meza. Amiri akamwambia, "Leo tusiipe karanga yoyote. Tuipe maji ya dawa matupu, tuone."

Wakaipa. Kijiwe hakikupungua hata chembe. Wakaipa za sokoni, kikapungua kidogo sana, kama kimeguswa na unyoya. Halafu Amiri akaipa za Mama.

Niliona namba ikishuka kwenye kioo. Ikashuka. Nilidhani itasimama, ikaendelea kushuka, kama mtu aliyebebeshwa gunia akiwa anakimbia. Feni ilikuwa imezimwa, malori kama yamekoma barabarani.

Amiri akageuka, akaniona. Kijiko kilikuwa mdomoni.

"Shemeji," alisema polepole. "Shemeji, toa hicho kijiko."

Sikuelewa mara moja. Fabian alielewa. Uso wake ulibadilika ukawa wa mtu nisiyemjua. Sifuri yetu ilikuwa sumu. Zile karanga za Mama, zilizonyeshewa uwanjani na kisha zikaloweshwa chini ya turubai ili vidole vyangu visipasuke, ndizo tulizoziita safi. Na majirani wote waliokuwa "karibu na sifuri" walikuwa karibu na hicho.

Nilitoka nje nikatapika ukutani. Nilitapika chakula cha leo. Cha Juni hakitapikiki.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Fabian ampigie Mama simu sasa hivi. Akapiga, sauti ikiwa wazi nisikie.

"Mama, daktari mmoja hapa anashauri Baba asile karanga kwa sasa."

"Daktari gani huyo anayemnyang'anya mgonjwa karanga? Wewe ulikuzwa kwa nini, kwa kokoto?"

"Hapana, Mama."

"Jumamosi mje mapema. Namlisha mkamwana wangu. Majirani nimeshawaalika."

"Sawa, Mama," akasema Fabian. Akakata.

Nikangoja aseme kwamba simu imekatika, kwamba atapiga tena. Alisema, "Nitamwambia baada ya sherehe. Ukimwambia leo utamuua kwa aibu. Ni yeye niliyemtangaza mbele ya kijiji kizima, Bupe."

"Na Baba anakula leo."

Akaiweka simu mfukoni. Nimeolewa na mtu ambaye mashine yake inasikia kitu kisichobebwa na nzi, na yeye hasikii hili.

Nilimpigia wifi Evelina kwa siri. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema, "Mimi nimeacha kuzila tangu mwezi uliopita. Ni chungu. Niliposema, wakaniambia nina wivu na bibi harusi. Nitampikia Baba mimi. Lakini Mama anaongeza mwenyewe nikigeuka."

Nilimwonea haya. Wiki zote hizi nilidhani ana roho mbaya, kumbe ana ulimi unaoonja.

Alhamisi, 17 Julai

Kliniki. Mtoto yupo, moyo unapiga. Daktari alisikiliza habari yote, akachukua damu yangu. Nilimwuliza kama mtoto ameipata sumu. Alisema inaweza kuvuka kwenda kwake, na kwamba tutafuatilia ukuaji wake. Sikuuliza tena.

Jumamosi, 19 Julai. Mlali

Desturi ya nyumba hii ni kwamba mavuno yakiisha mkamwana mpya anakula karanga kutoka kiganjani mwa mama mkwe, mbele ya wanawake wa jirani. Akishakula anapewa ungo wake na sehemu ya mbegu, na tangu hapo ni mwenye nyumba, si mgeni. Mama alilishwa hivyo na mama mkwe wake. Evelina alilishwa kwa watu waliomrudisha.

Njia nzima ndani ya basi nilimwambia Fabian: sema kabla hajanyoosha mkono. Alisema atasema.

Wanawake walikaa kwenye mikeka, wamevaa vitenge vizuri. Upepo ulikuwa unapeperusha maganda uwanjani. Kutoka ndani nilisikia Baba mkwe anakohoa, kikohozi kidogo cha mtu asiye na nafasi tumboni. Mama alikuwa amejifunga kilemba cheupe, anapendeza mno. Alipiga magoti mbele yangu, yeye, mtu mzima, akajaza kiganja.

"Kula, mwanangu. Mle wawili."

Vigelegele vikapanda. Nilimtazama Fabian. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikafunga mdomo.

Kiganja kilibaki hewani. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mwanamke mmoja nyuma akasema, bila kujificha, "Si nilisema? Wa mbali hali cha nyumba aliyoiroga."

"Mama," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Nakupenda kuliko ninavyojua kusema. Zina sumu. Mashine ilikosewa kuwekwa. Ni mvua ile, halafu maji tuliyoziloweshea. Ndiyo yanayomla Baba."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Maji yale nilimwaga kwa ajili ya vidole vyako."

"Najua, Mama."

"Na huyu anayekohoa humo ndani, nimemlisha mimi, kwa mkono huu." Akautazama. Kisha akageukia wanawake, akainua sauti. "Mwanangu alisema mbele yenu kwamba mimi ndiye kipimo! Uongo? Basi tazameni."

Akazitupa mdomoni karanga zote, akatafuna.

Sijui nilimwita nani. Najua Evelina alipiga kelele. Na hapo ndipo Fabian alipotoka pale aliposimama. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake chini ya kidevu cha mama yake, kama mtu anavyomfanyia mtoto aliyeokota jiwe.

"Tema, Mama."

Alitikisa kichwa, mashavu yamejaa.

"Tema. Ni mimi niliyekosea, si wewe. Sikuzipima zako. Nilizipenda tu. Tema, Mama, nakuomba."

Akatema mkononi mwake. Akaanza kulia bila sauti. Na Fabian, mkono ukiwa umejaa, akawageukia majirani akawaambia kwamba majibu yote aliyowapa Juni hayafai, wasile, wasiuze, na wenye wagonjwa waseme.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikunja mikeka yao. Wawili watatu walianza kutembea, kisha wakakimbia kuelekea makwao, na nilielewa kwamba kuna vyungu vilivyokuwa motoni.

Jumapili, 20 Julai

Baba mkwe amelazwa. Daktari anasema ini limeumia sana, na tungoje. Evelina amebaki naye wodini. Aliponiaga alinirekebishia khanga begani, hakusema neno la kuuma.

Mwanamke yule wa jana amepita nyumbani asubuhi. Hakuomba radhi. Aliuliza kama macho ya mtoto wake yameanza kuwa manjano au ni jua.

Jumanne, 22 Julai. Kizota

Majibu ya damu yangu bado. Fabian halali. Mimi namtazama, na nikimtazama nampenda, lakini ni mapenzi mengine haya, yenye macho.

Alhamisi, 24 Julai

Mama amekuja Kizota peke yake, kwa basi la kwanza, na kifurushi cha zile karanga alizozilowesha kwa ajili yangu. Kopo jipya la sifuri lilikuwa limefika jana. Hakukaa, hakunywa chai. Alisema anataka kuiona.

Tuliingia chumba cha mashine, sote wanne, na Amiri akampa Mama shikamoo kwa mnong'ono. Fabian alimwonyesha kijiwe. Mama alikitazama sana. "Hiki?" akauliza. "Kidogo hivi?" Akaambiwa asiegemee meza. Akaweka mikono yake nyuma, kama mwanafunzi.

Namba ikaanza kushuka.

"Sijui kusoma za hivyo," alisema. "Nisomee kwa sauti."

Fabian akasoma. Alisoma mpaka ilipotulia, kisha akamwambia kiasi anachoruhusiwa mtu ni kipi, ili aone tofauti. Sauti yake haikukatika. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa niambie," alisema, "ni nani wote waliokula."

Fabian akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Baba," alisema. "Wewe mwenyewe. Evelina, mpaka alipoacha. Mimi. Bupe." Akageukia tumbo langu. "Na wa tumboni mwa Bupe."

"Endelea."

Akaanza kutaja majirani waliokula zao kwa kuiamini sifuri yetu, nyumba kwa nyumba, kuanzia upande wa kisima, baba, mama, watoto kwa majina yao. Mama alifumba macho, na kwa kila jina aliitikia, "Ndiyo," taratibu, kama mtu anayepigiwa hodi na wote hao, na hana wa kumfungia mlango.